Nani Aliyeshusha Antena za Kairouan?

Muhula uliopita nilifundisha semina ya siasa na vyombo vya habari saa nane mchana, saa ambayo ugali wa kantini huwa umekwisha kuishinda kila nadharia. Ili kuwaamsha wanafunzi nikawauliza kama yupo anayejua kisa cha Harrison Ford na mtu mwenye upanga. Karibu darasa zima likainua mikono.

Wasomaji wengi nao wanakijua, lakini nitakirudia kwa kifupi kwa kuwa ndicho chanzo cha lalamiko langu. Mwaka 1980 Steven Spielberg alikuwa Tunisia akiongoza Raiders of the Lost Ark, filamu ya kwanza ya mfululizo wa Indiana Jones, yule mwanaakiolojia wa kofia na mjeledi anayezunguka dunia akisaka hazina. Mswada ulimtaka Indiana apigane sokoni pigano refu, mjeledi dhidi ya upanga. Siku ya kupiga picha Ford alikuwa akiugua tumbo la kuhara damu, kama wengi katika kikosi kile, na hakuwa na nguvu za kukaa juani kutwa nzima. Akapendekeza ampige risasi tu yule jamaa, mambo yaishe. Spielberg akakubali. Hivyo ndivyo kilivyozaliwa kichekesho ambacho watu wamekicheka tangu filamu ilipotoka mwaka 1981.

Wanafunzi wangu walikuwa na ziada. Mmoja alijua kwamba aliyeshika upanga ni Terry Richards, Mwingereza aliyezoea kuigiza michezo ya hatari, na kwamba alikuwa amejifua kwa majuma kadhaa kwa pigano lisilofanyika. Mwingine alijua kwa nini Spielberg hakuugua: alikuja na shehena ya vyakula vya makopo kutoka Uingereza na hakula kingine. Darasa likachangamka. Nikauliza swali la pili: na wale watu waliojaa sokoni, wanaoshangilia mwenzao anapopigwa risasi, walikuwa akina nani?

Kimya. Kisha kijana mmoja akasema, kwa upole, kama mtu anayemsaidia mzee kuvuka barabara: "Mwalimu, wale ni watu wa kujaza tu."

Nimelibeba neno hilo tangu siku hiyo, nikazisoma upya dondoo za nyuma ya pazia za mfululizo huu, ambazo nami nimekuwa nikizikusanya tangu nilipokuwa kijana wa kulipia kiti katika kibanda cha video. Nikiri mapema kwamba ninazipenda filamu hizi. Anayetafuta hapa mtu wa kuzilaani atakuwa amekosea mlango. Ninachokishitaki ni zile hadithi tunazosimuliana kuhusu utengenezaji wake, kwa sababu tunazipokea kama ukweli uliokuwa umefichwa, na mtu aliyeambiwa siri huwa haulizi kilichoachwa.

Chukueni kisa hicho cha kuhara damu. Kina mgonjwa mwerevu, kiongozi msikivu, na Mwingereza aliyepoteza jasho lake. Tunisia imo, lakini imo kama tumbo la kuendesha. Imo kama joto. Nchi yenye watu wake, iliyokuwa chini ya Rais Habib Bourguiba kwa zaidi ya miaka ishirini, inaingia katika kumbukumbu za sinema kwa mlango wa choo. Hata Mtunisia aliyekuwa na uzito mkubwa katika kazi ile, mtayarishaji Tarak Ben Ammar, ambaye kampuni yake ilizihudumia filamu za kigeni nchini humo, ni nadra kutajwa na msimuliaji wa kisa hiki. Kama huyo, aliyekuwa tajiri na mtu wa ukoo wa wakubwa, huachwa nje, mchuuzi aliyelipwa asimame sokoni asubuhi mpaka jioni atatajwa na nani?

Au chukueni dondoo ninayoipenda kuliko zote. Matukio ya mjini Cairo hayakupigwa Cairo. Yalipigwa Kairouan, mji wenye msikiti mkuu ulioasisiwa na Uqba ibn Nafi katika karne ya 7. Hadithi ya filamu ni ya mwaka 1936, na juu ya mapaa ya Kairouan ya mwaka 1980 kulikuwa na antena za televisheni. Basi, tunaambiwa, kikosi kilishusha antena zipatazo 300 ili kamera ipate anga safi. Dondoo inaishia hapo, na sisi tunatikisa vichwa kwa kustaajabu uangalifu wa Wamarekani.

Mimi ninabaki juu ya paa. Antena 300 maana yake ni mamia ya familia zilizobishiwa hodi. Nani alibisha? Waliombwa au waliarifiwa? Nani alipanda ngazi, na jioni ile watoto walipokosa kipindi chao waliambiwa nini? Nani alizirudisha, na zilipokosa kushika mawimbi nani aligharamia fundi? Yumkini walilipwa vizuri. Yumkini waliona fahari, wakapika chai, wakawaita majirani. Ningefurahi kusimuliwa hivyo. Lakini dondoo yetu inahesabu vyuma na haihesabu nyumba, na kizazi cha wasomaji wa sinema kimeikariri bila kugundua kwamba ndani ya sentensi hiyo hamna mtu hata mmoja wa Kairouan. Kuna jambo la kuchekesha zaidi: antena zilikuwa ushahidi kwamba watu wale waliishi katika karne moja na wageni wao, na ndizo zilizotakiwa kuondoka.

Nitaambiwa kwamba dondoo ni mambo madogo na hayawezi kubeba kila kitu. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama dondoo zingekuwa na uvivu wa kusahau kila kitu kwa usawa. Hazina uvivu huo. Nyambizi ya Wajerumani katika filamu ile ya kwanza ina wasifu kamili: iliazimwa kutoka kwa watengenezaji wa Das Boot, ikapigwa picha La Rochelle, Ufaransa. Kofia ina anwani: duka la Herbert Johnson, London. Kishindo cha lile jiwe la duara linalomkimbiza Indiana ni gari aina ya Honda Civic lililoachwa liteleze juu ya changarawe huku mtaalamu wa sauti, Ben Burtt, akirekodi. Mchakacho wa nyoka ni vidole vya Burtt huyohuyo ndani ya bakuli la chakula cha jibini. Fikirini hilo. Bakuli la jibini limepata nafasi katika historia.

Na mbwa. Kila mpenzi wa mfululizo huu anajua kwamba jina Indiana lilikuwa la mbwa wa George Lucas. Katika filamu ya pili, Indiana Jones and the Temple of Doom ya mwaka 1984, mwanamke wa hadithi, Willie, aliitwa jina la mbwa wa Spielberg, na mtoto msaidizi, Short Round, aliitwa jina la mbwa wa waandishi wa mswada, Willard Huyck na Gloria Katz. Wahusika wakuu watatu, mbwa watatu, na wote watatu wanajulikana ni wa nani.

Katika filamu hiyohiyo yuko mzee wa kijiji anayewasihi wageni wakalitafute jiwe takatifu na kuwarudisha watoto waliotekwa. Ndiye moyo wa hadithi. Bila ombi lake hakuna safari. Dondoo inayomhusu husimuliwa hivi: mzee huyo hakujua Kiingereza, kwa hiyo Spielberg alimtamkia kila sentensi kutoka nje ya fremu, naye akairudia sauti kwa sauti. Watu hucheka kidogo, kisha humpongeza mwongozaji kwa ubunifu wake.

Mzee huyo aliitwa D. R. Nanayakkara. Alikuwa mwigizaji mashuhuri wa sinema ya Kisinhala. Mwaka 1956 aliigiza katika Rekava ya Lester James Peries, filamu iliyoitoa kamera ya Sri Lanka studioni na kuipeleka vijijini, na ambayo mwaka uliofuata ilishindania tuzo kuu Cannes. Alipokutana na Spielberg, Nanayakkara alikuwa na miongo kadhaa ya kazi nyuma yake. Mtu wa namna hiyo ameingia katika kumbukumbu za dunia kama mzee asiyejua Kiingereza. Ningependa dondoo isomwe upande wa pili: mwongozaji kijana, asiyejua neno la Kisinhala, alikuwa na bahati ya kumpata mwigizaji anayeweza kubeba uzito wa tukio zima katika lugha asiyoielewa. Ukweli ni uleule. Kilichobadilika ni mahali msimuliaji aliposimama.

Na kwa nini walikuwa Sri Lanka, wakati hadithi ni ya India? Hapa ndipo dondoo inapogusa dola, na watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu nawaomba wasogeze viti. Watengenezaji walitaka kupiga picha India. Serikali ya India iliomba kuusoma mswada, ikaukuta na ibada ya mungu wa kike Kali iliyogeuzwa kuwa uchinjaji wa watu, na karamu ya kifalme ambamo Wahindi wanakula nyoka hai, supu ya macho na ubongo wa nyani. Ikataka mabadiliko, ikataka na neno la mwisho kuhusu filamu iliyokamilika. Lucas na wenzake wakakataa, wakahamia karibu na Kandy, na mandhari za kasri zikachorwa. Filamu ilipotoka, India iliipiga marufuku kwa muda.

Katika dondoo, sehemu hii husimuliwa kama kero ya urasimu: makarani wa Delhi waliowanyima wasanii raha yao. Daraja la kamba lililonyooshwa juu ya korongo Sri Lanka linasimuliwa kwa mapenzi makubwa zaidi, jinsi lilivyojengwa kwa nyaya za chuma na wahandisi wa kampuni ya Kiingereza waliokuwa wakijenga bwawa karibu na hapo, na jinsi lilivyolipuliwa mara moja tu, kwa kuwa halikuwa na mbadala. Sri Lanka inabaki daraja na mgongo wa Ford, aliyeumia akarudishwa Marekani kutibiwa. Kikosi kilipiga picha huko kuanzia Aprili 1983. Julai ya mwaka huohuo Watamili walichinjwa na kuchomewa nyumba zao na nchi ikaingia katika vita vya zaidi ya miaka 25. Simlaumu Spielberg kwa hilo, na ingekuwa upuuzi kumlaumu. Ninasema tu kwamba nimesikia habari za mgongo ule mara nyingi kupita kiasi.

Je, Delhi ilikuwa sahihi? Nimebishana juu ya hili na rafiki zangu wanaharakati hadi chai ikapoa. Wao husema ndiyo: taifa lina haki ya kukataa kugeuzwa karagosi katika ardhi yake. Ninawaelewa. Karamu ile ya ubongo wa nyani iliwafuata watoto wa Kihindi hadi madarasani Marekani na Uingereza, na si wote waliokuwa na ngozi nene kama ya Amrish Puri, aliyeigiza kuhani mwovu Mola Ram na akaitetea filamu kuwa ni njozi tu. Lakini mimi ni raia wa Afrika Mashariki, na ninajua kalamu ya serikali inayosahihisha miswada humrudia nani baada ya wageni kuondoka. Mwaka 2018 bodi ya filamu ya Kenya iliipiga marufuku Rafiki ya Wanuri Kahiu, filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa Cannes, na ikabidi mahakama iagize ionyeshwe kwa siku saba. Mamlaka yanayombana Lucas leo yatambana Kahiu kesho, tena yeye hana Sri Lanka ya kukimbilia. Kwa hiyo sitaki serikali zetu zidai haki ya kukata filamu za wageni. Ninataka zidai kitu kingine, na nitakifikia.

Kabla ya hapo, tupite Jordan. Filamu ya tatu, Indiana Jones and the Last Crusade ya mwaka 1989, ndimo shujaa wetu anapopaza sauti kwamba kitu cha kale mahali pake ni jumba la makumbusho. Inaishia mbele ya Al-Khazneh, Petra, ule uso wa jengo uliochongwa katika mwamba na Wanabatea, ambao ndani ya filamu unafanywa kuwa hekalu la siri lililotelekezwa huko Hatay. Dondoo zinatueleza kwa bidii kwamba ndani ya Al-Khazneh halisi hamna kitu ila chumba kitupu, na kwamba Sean Connery, aliyeigiza baba, alimzidi Ford miaka 12 tu. Hazituelezi kwamba hadi katikati ya miaka ya 1980 mapango ya Petra yalikuwa makazi ya Wabeduini wa kabila la Bdul, waliohamishiwa kijiji cha Umm Sayhoun wakati eneo hilo lilipokuwa likiingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Kamera zilifika mwaka 1988 zikalikuta bonde linalofaa kuitwa limetelekezwa. Msomaji aliyefuatilia habari za Ngorongoro na Msomera hahitaji nimfafanulie zaidi.

Nimefika nyumbani bila kukusudia, basi tubaki. Wengi hawajui jinsi mfululizo huu unavyotugusa. Sallah, yule rafiki Mmisri wa Indiana mwenye kicheko kikubwa, aliigizwa na John Rhys-Davies, Mwelshi ambaye sehemu ya utoto wake aliishi Tanganyika, baba yake akiwa mtumishi wa serikali ya kikoloni. Nilipolisoma hilo mara ya kwanza niliona fahari ya kijinga, kama mtu aliyeambiwa kwamba waziri aliwahi kupita mtaani kwao. Kisha nikatafakari: mtoto wa afisa wa kikoloni anakua, anavaa tarbushi, anakuwa Mwarabu mpendwa kuliko wote katika sinema ya Marekani. Ni mwigizaji mzuri, simkani. Katika filamu ya tano, ya mwaka 2023, Sallah anaonekana akiendesha teksi New York. Baada ya huduma yote ile.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Lucas alitengeneza mfululizo wa televisheni kuhusu ujana wa Indiana Jones, na vipindi kadhaa vilipigwa Kenya. Kimoja ni cha Afrika Mashariki ya Waingereza mwaka 1909, Indiana akiwa mtoto anayekutana na Theodore Roosevelt katika safari yake ya uwindaji. Vingine ni vya vita kuu ya kwanza, dhidi ya Wajerumani wa huku kwetu na hadi Kongo. Dondoo inayopendwa hapo ni hii: Paul Freeman, aliyekuwa adui Mfaransa katika Raiders, alirudi kuigiza mwindaji Frederick Selous. Mwisho wa dondoo.

Selous huyo aliuawa Januari 1917 huko Beho Beho, na pori kubwa la akiba likaitwa jina lake kwa karibu karne nzima, hadi mwaka 2019 sehemu yake kubwa ilipofanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Katika vita hivyohivyo wanahistoria hukadiria kwamba Waingereza peke yao waliandikisha wabeba mizigo wanaokaribia milioni moja, na makumi ya maelfu wakafa kwa njaa, malaria na tumbo la kuhara damu. Ndiyo, ugonjwa uleule. Ulipompata mwigizaji ukazaa kichekesho kinachosimuliwa kwa zaidi ya miaka arobaini. Ulipowapata hao ukawazika pembeni mwa njia, na jina walilotuachia ni la kikosi, Carrier Corps, ambalo midomo yetu ililigeuza kuwa Kariakoo na Kariokor. Tunanunua nyanya na viatu juu ya jina hilo kila siku.

Na Roosevelt? Safari yake ya mwaka 1909 na 1910 ilirudisha Washington, kwa makumbusho ya Smithsonian, zaidi ya vielelezo 11,000 vya wanyama. Mahali pake ni jumba la makumbusho, naam. Lakini niseme jambo moja kwa haki yake: katika kitabu alichoandika juu ya safari hiyo, Roosevelt, beberu asiyejificha, aliwataja baadhi ya wabeba bunduki wake kwa majina. Ninawauliza waandishi wa dondoo wa karne ya 21, wenye mitandao na kumbukumbu zote za studio mikononi, wanajisikiaje kuzidiwa adabu na mwindaji wa mwaka 1910.

Kijana wa semina yangu hakukubali kirahisi, na ninamheshimu kwa hilo. Alinifuata ofisini. "Mwalimu," akasema, "kila filamu ina watu wa kujaza. Hata za Marekani, hata wakiwa Wamarekani. Wote husahauliwa. Hii ni habari ya kazi, si ya ukoloni." Ni pingamizi bora kuliko yote niliyopata, na nusu yake ni kweli. Mfanyakazi wa kawaida husahauliwa Hollywood kama asahauliwavyo Bagamoyo. Hata nyota mdogo huweza kutoweka: Ke Huy Quan, mtoto wa wakimbizi wa Vietnam aliyeigiza Short Round, husimuliwa kwa kile kisa cha kwenda kumsindikiza kaka yake kwenye majaribio akachaguliwa yeye, miaka mingi aliyokosa kazi ya uigizaji ilikuja kuwa habari pale tu aliposhinda tuzo ya Oscar mwaka 2023.

Nusu nyingine nilimjibu hivi. Mfanyakazi wa London aliyesahauliwa ana chama chake, ana mkataba, na mara nyingi jina lake limo katika orodha ndefu inayopanda mwishoni wakati sisi tunatoka ukumbini. Msahaulifu akitaka kumkumbuka, pa kuanzia papo. Mtu wa soko la Kairouan hakuwekewa pa kuanzia. Alisahauliwa kabla ya kamera kuwashwa, kwa kuwa mji wake uliitwa Cairo, nchi yake Misri, na yeye akaitwa umati. Hali ndiyo hiyohiyo kwa Hawaii iliyoitwa Peru, Sri Lanka iliyoitwa India, Fez iliyoitwa Tangier. Mahali pakishafutwa jina, mwenyeji wake hana ushahidi hata kwa wajukuu zake.

Sasa ninachokidai, na ninakidai kwa watumishi wa umma wanaoketi kwenye madawati ya vibali vya filamu, Dar es Salaam, Dodoma na Nairobi. Serikali zetu zinashindana kuwavutia watengenezaji wa kigeni. Tunawaahidi unafuu wa kodi, tunawapa helikopta na hifadhi, tunajivunia mandhari. Ni sawa, wapo vijana wetu wenye ujuzi wa taa, sauti na magari wanaohitaji kazi hizo. Lakini masharti tunayowapa yanahusu zaidi wanyama, usalama na ada. Wekeni humo sharti kwamba kila mwenyeji aliyelipwa, awe dereva, mpishi, mkalimani au mtu wa kusimama sokoni, aandikwe jina lake kamili, na orodha hiyo ikabidhiwe Nyaraka za Taifa kabla wageni hawajapewa ruhusa ya kusafirisha mitambo yao. Majina ya mahali halisi yaonekane mwishoni mwa filamu, hata kama ndani ya hadithi Lushoto imekuwa Peru. Mkataba wa mtu wa kujaza uwe wa Kiswahili, nakala moja abaki nayo. Anayeondolewa antena, bati jipya au tangi la maji ili mtaa uonekane wa zamani alipwe kwa maandishi, na maandishi hayo yahifadhiwe. Haya hayamfungi msanii hata neno moja la mswada wake. Gharama yake ni karani mmoja na rimu chache za karatasi. Nimewahi kuonyeshwa fomu ya maombi ya ofisi moja ambayo sitaitaja: ina kisanduku cha idadi ya wenyeji watakaoajiriwa, chenye upana wa tarakimu tatu.

Kwa wanafunzi wangu kazi ya muhula huu ni hii. Vipindi vile vya Indiana Jones kijana vilipigwa Kenya yapata miaka 30 na zaidi iliyopita, na waliobeba nyaya, walioendesha malori, waliopika na waliovaa sare za askari wa mwaka 1916 bado wengi wako hai. Ni baba na shangazi wa watu. Wenye jamaa upande huo waanze kuuliza likizo hii: jina, kijiji, kazi aliyofanya, siku ngapi, alilipwa kiasi gani, alikula nini, nani aliugua. Kijana aliyeniambia kuhusu watu wa kujaza ameomba awe mkusanyaji. Juma lililopita aliniletea jina la kwanza, la mzee aliyeendesha lori la maji, ameliandika kwa kalamu pamoja na swali ambalo mzee alimrudishia: ile filamu, mwishowe, ilihusu nini?